Mrejesho: bomba la bafuni lililokuwa linapiga shoti

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kwa nini bomba la bafuni linanipiga shoti. Wengi mlisema ni umeme tuli, ule unaotokana na msuguano kama wa nguo. Mmoja akasisitiza nizime swichi kuu na kuita fundi. Namshukuru sana, kwa sababu nina mtoto wa miaka minne anayependa kuchezea maji.

Fundi alipima kati ya bomba na ardhi, mita ikasoma volti 90. Chanzo ni hita ya kuogea: koili imepasuka, umeme unavujia kwenye maji hadi bomba la chuma. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ulikuwa umekatwa, ukakunjwa na kufungwa selotepu nyeusi nyuma ya hita. Nilisisimka mwili kuuona.

Umeme tuli hupiga mara moja ukaisha, na kwa unyevu wa hapa Dar ni nadra. Huu wangu ulikuwa unatetema muda wote, na nikiwa pekupeku kwenye sakafu yenye maji unazidi.

Tumebadilisha hita, ethi imeunganishwa, na tumefunga RCD ya miliampia 30, yaani kifaa kinachokata umeme chenyewe ukivuja kufikia kiwango hicho. Jana fundi amepima tena: sifuri.