Tupeane uzoefu: chakula gani cha Japani umekila kwenye mji wake wenyewe?

Wakuu, salaam. Nilisoma Japani miaka miwili, na kila likizo nilikuwa napanda treni kwenda kula. Kila mkoa una chakula chake unachojivunia. Naanza mimi, nanyi mmwage yenu.

Takamatsu, mkoani Kagawa, ndiko nyumbani kwa udon ya Sanuki, zile tambi nene za ngano zinazovutika mdomoni. Nilifika asubuhi. Mlangoni palining'inia noren, kitambaa ambacho kikiwa kimetundikwa ujue wanauza. Nikaketi kumsubiri mhudumu. Mama mmoja kwenye foleni akanigusa bega, akanipa sinia bila neno, akanionyesha nimfuate nyuma. Unataja ukubwa wa bakuli, unachovya tambi mwenyewe kwenye maji ya moto, unatia mchuzi, unachagua tempura (mboga au samaki waliokaangwa kwa unga), unalipa. Mchuzi ule wa dagaa wakavu nimejaribu kuupika Dodoma mara nyingi, sijaupata. Wahini mapema, tambi zikiisha wanafunga hata kama ni mchana.

MZEE WA SAFARI
Mkuu, mimi Morioka, kaskazini, kwa wanko soba, yaani soba, tambi nyembamba za Kijapani, zinazoletwa funda moja moja kwenye kibakuli. Mhudumu anasimama pembeni yako, na kila ukimeza funda anakutumbukizia lingine bakulini. Kusema "nimeshiba" hakusaidii, mpaka uwahi kufunika bakuli kwa kifuniko chake, naye ana mkono mwepesi kuliko wako! Vibakuli kama 15 ni sawa na mlo mmoja wa soba. Nilifika 62. Yule dada alikuwa akinishangilia kila kimoja kana kwamba mimi ni ndugu yake.

BINTI MVITA
Asalaam alaykum. Kwa Waislamu wenzangu: nguruwe ni rahisi kumuulizia, kazi iko kwenye mirin na sake, pombe za mchele za kupikia na kunywa, maana hata mchuzi wa samaki hutiwa. Mkunga wa Nagoya niliutamani sana, nikauacha kwa sababu hiyo. Kilichoniokoa ni shioyaki, samaki wa kuchoma kwa chumvi tu. Samaki wao aitwaye "saba" ni jamaa wa vibua vyetu, na kwa wali mweupe nilikula nikamkumbuka bibi yangu. Andikeni ombi lenu kwa Kijapani kwenye karatasi, wapishi walilisoma kwa makini na mara mbili waliniambia kwa upole kwamba hawana cha kunipa. Niliwashukuru kwa ukweli huo.

KIJANA WA ILALA
Naomba kuuliza. Osaka niliingia izakaya, baa yao ya vinywaji na vitafunwa, nikaletewa kijisahani cha mboga ambacho sikuagiza, halafu nikakikuta kwenye bili. Niliibiwa?

MZEE WA SAFARI
Hapana mdogo wangu, hiyo ni otoshi. Ni kama ada ya kukaa, izakaya nyingi ndivyo zilivyo. Bakshishi ndiyo hawapokei. Niliacha sarafu mezani, mhudumu akanikimbilia hadi barabarani kunirudishia.

KIJANA WA ILALA
Shukrani, mzee wangu, nimetulia. Basi na mimi nichangie: okonomiyaki, chapati nene ya kabichi inayokaangwa kwenye bamba la chuma. Osaka wanachanganya kabichi na unga pamoja. Hiroshima wanapanga tabaka kwa tabaka, unga chini, kabichi mlima mzima, kisha tambi na yai. Nimekula kote, na mimi niko na Hiroshima. Nani wa Osaka ajitokeze?