Draivu ya tepu haionekani kwenye seva mpya: niipiganie au nihamie diski za nje?

Kiboriloni_IT
Habari za jioni wakuu. Nipo Moshi, natunza kompyuta za ofisi ya mahesabu. Tuna draivu ya tepu ya nje, yaani mashine ya kuhifadhi nakala za mafaili kwenye kaseti, aina ya LTO-5 (kizazi cha tano cha tepu za LTO). Wiki iliyopita tulibadilisha seva, nikachomeka kebo ile ile ya SAS (ya kuunganisha seva na diski au tepu). Taa ya kijani inawaka, kaseti inaingia na kutoka vizuri, ila nikiandika `lsscsi`, amri ya kuorodhesha vifaa vilivyounganishwa, naona diski tu. Bosi anataka tuachane nayo, tununue diski za nje au tupakie kila kitu kwenye intaneti. Kabatini nina kaseti 40 za mahesabu ya wateja. Nishaurini.

FundiNjiro
Mkuu, usinunue kitu kwanza. Kebo umeichomeka kwenye kadi gani? Kadi nyingi za RAID, zile za kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, huionyesha seva diski tu, tepu haipiti. Unahitaji HBA ya kawaida, yaani kadi inayoipitishia seva kila kifaa moja kwa moja. Mtumba wa LSI 9200-8e unatosha, angalia tu kama tundu lake linaoana na kebo yako. Halafu washa draivu kwanza, isubiri itulie, ndipo uwashe seva.

Kiboriloni_IT
Nimefungua seva sasa hivi. Ni RAID kweli.

DadaSakina
Pole kaka. Mimi Arusha nilikuwa na diski ya nje iliyochomekwa usiku na mchana. Kikaja kirusi kinachofunga mafaili na kudai pesa, kikafunga seva na nakala pamoja. Nililia. Kaseti iliyo kabatini haiguswi. Intaneti nayo piga hesabu: kaseti moja ya LTO-5 hubeba TB 1.5. Kwa kasi ya Mbps 10 utapakia kwa karibu siku 14, bila kukatika hata dakika. Diski naikubali kwa jambo moja: mtu akifuta faili asubuhi, unamrudishia kabla ya chai. Kwa hiyo weka diski kwa kazi za kila siku, tepu kwa Ijumaa.

Mzee_wa_Kebo
Nakubaliana na dada, ila draivu hiyo ni ya kizazi cha 2010 na siku moja itakufa. Ukija kununua nyingine, usirukie LTO-8, haisomi kaseti zako. LTO-7 inasoma vizazi viwili nyuma, yaani hadi LTO-5. Hili watu wengi hulijua wakiwa wameshalipa.

Kiboriloni_IT
Mrejesho wakuu. Kadi imefika jana na basi la Arusha. Nimeifunga, nikawasha kwa mpangilio wa FundiNjiro, bado kimya. Nikaandika `modprobe st`, amri ya kuwasha programu inayoendesha tepu kwenye Linux, na `/dev/nst0` (jina la draivu ya tepu) ikatokea! Amri ya kuangalia hali yake, `mt -f /dev/nst0 status`, inasema ONLINE, yaani iko tayari. Nimechukua kaseti ya 2016, nikarudisha leja ya mteja mmoja na kuifungua mbele ya bosi. Amekaa kimya, kisha akauliza kadi ya akiba ni shilingi ngapi. Asanteni sana.