Dogo alipigwa na dawa ya zabibu, anataka kurudi kupuliza Jumatatu. Nishaurini

MkulimaHombolo: Wakuu mbukwenyi. Jumanne ya wiki iliyopita mdogo wangu alikuwa anapuliza dawa ya wadudu kwenye zabibu huku Hombolo, bomba la mgongoni linavuja, upepo wa huku mnaujua, na yeye kavaa tisheti na ndala. Kufika saa nane mchana udenda unamtoka, machozi, jasho kama kamwagiwa ndoo, anatapika, kifua kinakoroma, misuli ya mapaja inachezacheza yenyewe. Mama akawa anahangaika na maziwa, mimi nikakodi Noah tukakimbia. Hospitali wakamvua nguo zote wakamuosha, wakaanza kumchoma atropini sindano juu ya sindano. Jumamosi karuhusiwa, anasema yuko fiti ila miguu mizito, na Jumatatu anarudi kupuliza maana kibarua ndo hicho. Daktari alisema sumu "ilishika kwenye neva", foleni ilikuwa ndefu sikuuliza zaidi. Neva inashikwaje jamani? Na arudi au asirudi?

NesiMakulu: Pole sana kaka, na umefanya vizuri kukimbia. Chupa ya dawa mnayo? Soma jina la kiambato, sio jina kubwa la juu.

MkulimaHombolo: Imeandikwa profenofosi.

NesiMakulu: Basi ni jamii ya oganofosfeti, dawa za wadudu zinazovuruga neva, yaani mishipa ya fahamu. Sikia sasa, neva haijagusana na msuli, katikati kuna mwanya unaitwa sinapsi, mdogo mno, upange elfu moja ndo ukaribie unene wa unywele. Umeme wa neva ukifika pale mwisho unafungua milango ya kalsiamu, kalsiamu ikiingia tu, vifuko vidogo vilivyojaa asetilikolini, kemikali inayobeba amri ya neva, vinaungana na ukuta na kumwaga kilichomo, kila kifuko maelfu ya chembe, zinavuka zinashika vipokezi upande wa pili na msuli unajikunja. Hapo hapo kuna kimeng'enya kazi yake kufagia ile asetilikolini ili msuli ulegee usubiri amri nyingine. Hiyo dawa yenu inamfunga huyo mfagiaji. Amri inabaki pale pale haifutiki, tezi za mate zinaambiwa toa, mapafu yanaambiwa toa majimaji, misuli inaambiwa jikunje, mpaka inachoka, hata ile ya kupumulia. Watu wanakufa kwa kukosa pumzi.

TichaBaiolojia: Hii ya kemikali kubeba ujumbe mwanasayansi Otto Loewi aliionyesha mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya chura. Alisisimua neva inayopunguza mapigo ya moyo wa kwanza, akachukua maji yaliyouzunguka akayatia kwenye wa pili, nao ukapunguza mapigo bila neva yake kuguswa. Wanafunzi wangu nikiwaambia hii ndo sinapsi inawakaa.

MkulimaHombolo: Nimeelewa ticha. Ila mbona udenda ulikauka baada ya sindano na mapaja yakaendelea kucheza mpaka usiku?

NesiMakulu: Umeona vizuri sana. Vipokezi vya asetilikolini ni vya aina mbili, atropini inaziba vile vya tezi, mapafu na moyo, vya misuli ya mwili haivigusi. Na haimfungui mfagiaji. Iko dawa ya kumfungua, pralidoksimu, lakini ikichelewa kifungo kinakomaa na hapo mwili hauna njia ila kutengeneza vimeng'enya vipya, wiki kadhaa, wengine miezi. Ndo maana Jumatatu HAPANA. Anajiona mzima lakini wafagiaji bado wachache, dozi ndogo ambayo wewe usingeihisi yeye itamwangusha.

MamaVeyula: Na maziwa je? Huku kila mtu anabeba maziwa shambani.

NesiMakulu: Hayafungui chochote mama, na mgonjwa anayetapika yanaweza kumwingia mapafuni. Mvue nguo, muoshe kwa maji mengi na sabuni huku umevaa glavu, beba chupa, kimbia. Na wewe MkulimaHombolo hiyo miguu isipuuzwe, baadhi ya hizi dawa zinaleta ganzi na udhaifu wa miguu wiki moja mpaka tatu baadaye. Akishindwa kuinua shingo au pumzi ikiwa fupi, usisubiri kupambazuke.

MkulimaHombolo: Nimemsomea dogo yote, kanyamaza, halafu akaniambia vidole vya miguu vinawaka tangu jana, alikuwa ananificha. Bomba nimelifungia stoo. Tunaondoka na gari la saa kumi na moja alfajiri, chupa nimeshaiweka kwenye begi.