MREJESHO: Ile peipa yangu iliyokuwa "haieleweki"

Wakuu salama, nimerudi kama nilivyoahidi. Mimi ndo yule niliyeuliza mwezi uliopita kwa nini msimamizi wa utafiti wangu ananirudishia peipa (makala ya utafiti) kila mara na neno moja tu, "haieleweki", wakati grama nilishainyoosha mpaka nikachoka. Mkasema tatizo sio grama ni mpangilio, nikabisha kidogo (samahanini), ila mlikuwa sahihi.

Nilifanya ule ushauri wa kuandika pembeni ya kila aya sentensi moja tu ya inachosema. Aisee aibu niliyoipata! Aya nne za utangulizi zinasema kitu kilekile, na swali lenyewe la utafiti limejificha huko ukurasa wa tatu. Nikafyeka, nikalipandisha juu. Halafu kwenye sehemu ya matokeo nilikuwa nachanganya namba na maoni yangu, maoni yote nikayahamishia kwenye sehemu ya mjadala, na pale nilipoandika "imethibitisha" nikaweka "inaashiria" maana sampo yenyewe (watu niliowachunguza) ni 40 tu, uthibitisho gani huo. Ikisiri (ule muhtasari unaokaa mwanzoni mwa peipa) nimeiandika mwisho kabisa, imetoka ndani ya saa moja wakati mwanzo ilinila siku tatu.

Kusoma kwa sauti nako kumesaidia, sentensi ikinimaliza pumzi naikata.

Juzi msimamizi kairudisha na komenti 11 za maana, nyingi ni vyanzo nilivyovitaja ndani ila kwenye orodha ya marejeo havipo. Bado jedwali la pili linanitesa, nikilimaliza naituma kwenye jarida.