Naomba ushauri: Sosholojia Dar es Salaam, Maendeleo ya Jamii Tengeru, au ualimu anaoutaka baba?

BintiWaUru

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za leo. Mimi ni binti wa Uru, Moshi Vijijini. Nimehitimu kidato cha sita mwaka huu kwa mchepuo wa HGL, na nimepata Historia C, Jiografia D na Kiingereza C, yaani daraja la pili la pointi 10. Dirisha la udahili limeshafunguliwa na nyumbani bado hatujaelewana. Mimi ninataka Shahada ya Sanaa katika Sosholojia, ikiwezekana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mama anapendekeza Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, kwa kuwa ni karibu na naweza kurudi nyumbani hata mwisho wa wiki. Baba, ambaye ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anasema kwamba sosholojia ni kusoma magazeti kwa miaka mitatu na kwamba nichukue ualimu kwa sababu mwalimu hakosi kazi.

Ninaomba waliopita huko wanieleze ni kitu gani hasa kinachosomwa, na kama kuna hisabati, maana sijaigusa tangu kidato cha nne na nako niliambulia D. Ninaomba pia mnieleze ukweli kuhusu ajira bila kunificha.

Karani_wa_Dodoso

Mdogo wangu, marahaba, na hongera kwa matokeo. Nilisoma Sosholojia na sasa ninafanya kazi za utafiti hapa Arusha, kwa hiyo nitakujibu kuhusu masomo na hisabati kwa pamoja, kwa sababu havitengani.

Mwaka wa kwanza utakutana na Marx, Durkheim na Weber, waasisi wa sosholojia, yaani elimu inayochunguza jamii, na hapo ndipo wengi wanapoamua kwamba kozi hii ni ya kukariri majina. Usiwakariri, tazama walivyouliza maswali yao. Mwaka 1897 Durkheim alichapisha uchambuzi wa takwimu za watu waliojiua katika nchi za Ulaya, akaonyesha kwamba tendo linaloonekana kuwa siri ya mtu mmoja na nafsi yake lilitofautiana kwa viwango kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, na kati ya waliooa na wasiooa. Waliokuja baadaye wamezikosoa sana takwimu zake, lakini namna yake ya kuuliza ndiyo iliyobaki. Hata mlima wenu umechunguzwa kwa jicho la namna hiyo: Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia wa Marekani, alitafiti kwa miaka mingi sheria za mila za Wachagga, na akaonyesha kwamba kile kinachoitwa mila hakikukaa mahali pamoja, bali kilibadilika kadiri kahawa, utawala wa kikoloni na uhaba wa ardhi vilivyobadilisha maisha ya watu. Mwambie mzee kwamba mambo ya kihamba, yaani shamba la familia linalorithiwa pamoja na makazi yake, anayoyajua tangu utotoni yanasomwa chuo kikuu, na si kwa njia ya magazeti.

Sasa kuhusu hisabati. Kuna masomo ya mbinu za utafiti na takwimu, na ingawa wanafunzi wengi huyakimbia, mkate wa shahada hii umo humo. Hesabu zenyewe hazitishi: asilimia, wastani, uteuzi wa sampuli, uhusiano kati ya kigezo kimoja na kingine, na ukokotoaji mwingi hufanywa na programu kama SPSS au Stata. Ugumu uko kabla ya kompyuta kuwashwa. Chukua swali dogo la dodoso: "Kaya hii inapata shilingi ngapi kwa mwezi?" Lipeleke swali hilo Kibosho. Mkuu wa kaya atakutajia fedha za kahawa, ambazo huja kwa msimu na hazina mwezi. Hatazitaja ndizi ambazo mke wake huuza sokoni, ama kwa sababu hajui zinaleta kiasi gani, ama kwa sababu anaona kwamba hizo ni hela za mama. Ukimwuliza yeye peke yake umeandika nusu ya kipato, na kompyuta itakupa wastani nadhifu wa jambo lisilo kweli. Isitoshe, hujajua bado kaya yenyewe ni ipi, kwa kuwa ndani ya kihamba kimoja kuna nyumba ya wazazi, nyumba ya kijana wa mwisho na mkewe, na mjukuu anayelala kwa bibi na kula kwa mama yake. Ni kaya moja au mbili? Anayeweza kujibu swali hilo na kulitetea jibu lake mbele ya mwajiri ndiye anayeitwa tena kazi inapotokea. D yako ya kidato cha nne haikuzuii.

Afisa_wa_Kata

Karani ameeleza vizuri, ila yeye anaongea kama mtafiti, na si kila anayehitimu atakuwa mtafiti. Mimi ni Afisa Maendeleo ya Jamii katika halmashauri moja ya Mkoa wa Kilimanjaro na nilipitia Tengeru.

Dada, kabla hujachagua kozi, ingia kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma usome matangazo ya zamani ya kazi unazozitamani, hasa ile sehemu ya sifa za mwombaji. Serikali haiajiri mtu kwa sababu amesoma sayansi za jamii kwa ujumla. Huajiri kwa cheo, na kila cheo kina orodha ya fani zinazokubalika. Afisa Maendeleo ya Jamii na Afisa Ustawi wa Jamii watu huwachanganya mtaani, lakini ni kada mbili zenye sifa tofauti. Nimewaona vijana wenye shahada za majina marefu yaliyobuniwa kuvutia waombaji wakienguliwa kwenye usaili kwa sababu tu jina la shahada halikuwamo kwenye tangazo. Jina la Sosholojia linajulikana na waajiri, vivyo hivyo Maendeleo ya Jamii. Ukiona kozi yenye jina jipya, uliza wahitimu wake wameajiriwa wapi kabla hujalipa ada ya maombi.

Kazi yenyewe si ya mezani. Sehemu kubwa ya muda wangu inakwenda kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Inanibidi nijue kama kikundi kilicholeta andiko ni kikundi kweli, au ni mtu mmoja aliyekusanya vitambulisho vya majirani. Hilo hulioni kwenye karatasi. Unakwenda wanakokutania, unamwuliza mwanachama aliyekaa pembeni kabisa akuambie katibu wao ni nani na mara ya mwisho walichangishana kiasi gani, kisha unanyamaza. Tengeru walitupeleka vijijini mapema na mara kwa mara, na kwa kazi ya namna hii ninaona ilinifaa kuliko nadharia nyingi. Kwa anayetaka kuendelea na shahada ya uzamili na utafiti, ningemwelekeza Dar es Salaam bila kusita.

Mzazi_Soweto

Mimi ni mzazi wa hapa Moshi mjini na ninamwelewa baba yako. Hata hivyo hoja yake ya ajira imepitwa na wakati kidogo. Kwa miaka mingi sasa kipaumbele katika ajira za walimu kimekuwa masomo ya sayansi na hisabati, na walimu wa Historia na Kiingereza walioko mtaani ni wengi. Kama huupendi ualimu, usiusome kwa ajili ya ajira ambayo nayo haina uhakika.

Jambo ambalo nyote mmelipita ni fedha. Sayansi za jamii kwa kawaida haziko mbele katika vipaumbele vya Bodi ya Mikopo, kwa hiyo familia ikae chini ipige hesabu kwamba mkopo unaweza kuja pungufu au usije kabisa. Halafu ukija, ni deni: ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi hadi liishe. Kwa hesabu hiyo, wazo la mama la Tengeru si la kudharauliwa.

Njiro_Juu

Ninaongezea upande wa asasi zisizo za kiserikali, kwa sababu Arusha imejaa ofisi zake na vijana wengi huchagua kozi hizi wakizitazama hizo. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya na maendeleo nchini ilisimama, na watu wenye uzoefu mkubwa walirudi sokoni kutafuta kazi zilezile ambazo mhitimu mpya angeziomba. Mikataba ya miradi ni ya muda hata mambo yakiwa mazuri, na hilo lazima ulijue unapoingia.

Kwa hiyo, popote utakapokwenda, ondoka na kitu kinachoonekana. Jifunze kutengeneza dodoso kwenye KoboToolbox, ambayo unaweza kuanza kuitumia bila malipo na inakusanya majibu kwa simu hata pasipo na mtandao. Jifunze pia kuandika ripoti fupi ambayo diwani anaweza kuisoma. Ulinde GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo, tangu mwaka wa kwanza, maana milango mingi ya shahada ya uzamili na ya ufadhili hutazama kama una 3.5 au zaidi, na aliyelegea mwanzoni akidhani kwamba masomo haya ni ya porojo huikimbiza alama hiyo hadi mwaka wa tatu asiipate. Usikubali pia kuandikiwa utafiti na watu wa stesheneri. Biashara hiyo ipo jirani na vyuo vingi, na anayeinunua hujulikana dakika tano za kwanza za usaili.

BintiWaUru

Ninawashukuru sana. Nimemsomea baba maelezo yote, na kwenye habari ya kaya na kihamba amecheka, akasema kwamba makarani wa sensa ya 2022 walibishana naye jambo hilohilo getini. Bado hajakubali, lakini hataji tena magazeti. Swali langu la mwisho: je, ninaweza kuomba Dar es Salaam na Tengeru kwa wakati mmoja, au nikichagua kimoja nimejifungia kingine?

Afisa_wa_Kata

Unaweza, dada. Maombi hutumwa moja kwa moja kwa kila chuo, na kila chuo kina ada yake ya maombi. Kiwango cha chini ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4, na C zako mbili peke yake zinakupa 6, ila soma vigezo vya kila programu katika mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa sababu vyuo huongeza masharti yao. Ukichaguliwa na zaidi ya kimoja, utatumiwa namba maalumu ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja ndani ya muda uliowekwa, kwa hiyo tumia namba ya simu uliyonayo mwenyewe, si ya mwenye stesheneri atakayekujazia fomu. Maombi ya mkopo yanafanywa kando, kwenye mfumo wa Bodi, nayo hayasubiri majibu ya udahili. Anza leo kutafuta cheti chako cha kuzaliwa na uhakiki wake wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo.