Wauzaji wa mifumo ya logi Nairobi, acheni kutukatia tukio moja vipande vinne!

Wadau, hili limevuka mpaka. Mfumo baada ya mfumo unaletwa maofisini, Upper Hill hadi Westlands, ukiwa na kosa lilelile: unasoma audit.log ya Linux, faili la kumbukumbu za yanayofanyika kwenye seva, mstari kwa mstari, na kila mstari unauita tukio. Mstari si tukio! Kitendo kimoja kwenye seva hutoa rekodi kadhaa. Tazameni hapa, nimepunguza sehemu zisizohitajika:

type=SYSCALL msg=audit(1718000000.412:88213): syscall=257 success=no exit=-13 items=1 auid=1004 exe="/usr/bin/cat" key="siri"
type=CWD msg=audit(1718000000.412:88213): cwd="/tmp"
type=PATH msg=audit(1718000000.412:88213): item=0 name="/etc/shadow"
type=PROCTITLE msg=audit(1718000000.412:88213): proctitle=636174002F6574632F736861646F77

Kilichomo kwenye mabano ndicho kinachoziunganisha. Nusu ya kwanza ni wakati, yaani tarehe 10 Juni 2024, saa 3:13 asubuhi kwa saa za Nairobi. 88213 ni namba ya tukio. Mabano ni yaleyale mistari yote minne, basi tukio ni moja: aliyeingia kwa auid 1004 (namba ya mtumiaji) alijaribu kusoma /etc/shadow, faili la nywila, akanyimwa ruhusa. Ule msururu wa mwisho ni amri yenyewe, "cat /etc/shadow", imeandikwa kwa heksa (herufi zimegeuzwa namba).

Sasa tenganisha. SYSCALL peke yake inakwambia nani, haikwambii faili gani. PATH inakwambia faili, haikwambii nani. Na key, yaani lebo ya kanuni iliyonasa tukio, iko kwenye SYSCALL tu, kwa hiyo ukitafuta "siri" kwa grep, zana ya kutafuta mstari kwa mstari, unapata mstari mmoja usiotaja faili lolote. Halafu kuna mafundi wanaoongeza -A 3, ilete na mistari mitatu inayofuata, wakidhani wamepona. Hawajapona. Seva yenye kazi nyingi huchanganya rekodi: kati ya mistari ya 88213 zinaingia za 88214. Mistari mitatu inayofuata inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa, na ndivyo mfanyakazi asiye na hatia anavyoitwa ofisini kujieleza. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Kuna mfumo mwingine unaotupa mabano na kuweka saa yake ya kupokea. Hapo ushahidi umekufa, hakuna wa kuufufua. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatoa saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data data ikivuja. Saa hizo utazitumia kuokota vipande?

Namba ya tukio peke yake pia haitoshi, kwa sababu seva ikiwashwa upya huhesabu tena kutoka chini. Unganisheni kwa vitu vitatu: jina la seva, wakati, namba. Jina halimo mpaka uweke name_format = hostname kwenye auditd.conf, faili la mipangilio ya ukaguzi. Kisha shikilieni rekodi mpaka ifike EOE (alama ya mwisho wa tukio) au PROCTITLE, la sivyo sekunde 2 zipite. Hizo 2 ndizo end_of_event_timeout ya kawaida. Na someni items= kwenye SYSCALL: ikisema 4 na PATH ziko 2, tukio halijakamilika, msilipitishe kama zima.

Rekodi zikipungua hivyo, anzeni na auditctl -s, amri inayoonyesha hali ya ukaguzi. "lost" ikiwa inapanda, foleni ya kerneli (kiini cha Linux) imejaa na rekodi zinamwagika kabla hata hazijafika diskini. Ongezeni -b, ukubwa wa foleni hiyo, 8192 ni mwanzo mzuri, na mpunguze kanuni zinazonasa kila kitu.

Anayechunguza kwenye seva yenyewe aache grep. Amri ya ausearch -k siri -i inaleta tukio zima, heksa ikiwa imefasiriwa. Ukiwa na namba tayari, ausearch -a 88213.

Wauzaji, mkija na demo, wekeni kanuni hii:

auditctl -a always,exit -F arch=b64 -S rename,renameat,renameat2 -F dir=/srv/jaribio -k jaribio

Kisha badilisheni jina la faili moja humo ndani kwa mv. Nionyesheni kwenye skrini yenu tukio 1 lenye PATH 4: folda ileile mara mbili, jina lililofutwa, jina lililoundwa. Mkinionyesha mistari saba iliyotawanyika, fungasheni laptopu zenu.