Tupeane uzoefu: Ulipokuwa unajitolea, siku ya mapumziko ulienda hifadhi gani?

Mwalimu wa Karatu

Wadau, salaam. Uzi huu ni wa waliowahi kujitolea popote, wenyeji na wageni. Naanza mimi.

Mwaka 2017 nilikuwa nafundisha kwa kujitolea shule moja ya msingi Karatu. Tulikuwa watano: mimi na mwenzangu Watanzania, wengine vijana watatu kutoka Ujerumani. Ukikaa Karatu, kila asubuhi unaziona Land Cruiser za watalii zikipanda kuelekea geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro. Nilizitazama miezi minne bila hata kuwaza kwamba na mimi naweza kupanda.

Likizo ya Juni wale vijana wakakodi gari kwenda kreta, lile bonde kubwa la volkano ya zamani. Dereva, mzee wa Kiiraqw, ndiye aliyewauliza, "Na hawa walimu wenzenu mnawaacha?" Akawafafanulia kwamba gari na mafuta bei ni ileile, apande mmoja wapande sita, na Mtanzania kiingilio chake ni cha shilingi, si cha dola. Siti zilikuwepo. Tukapanda.

Pale juu ukingoni ni zaidi ya mita 2,200, na Juni ni baridi kali. Ukungu ulikuwa mzito, kwenye kituo cha kutazamia hatukuona kitu. Tukateremka kwa barabara ya Seneto, na ghafla ukungu ukabaki juu yetu kama dari. Chini kumefunguka tambarare ya kilomita za mraba kama 260, nyumbu na pundamilia wametapakaa, Ziwa Magadi linang'aa kwa mbali. Twiga humo chini hutamkuta, lakini faru tulimwona, kwa darubini, ametulia kwenye majani. Mwenzangu alishika ile darubini mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa na miaka 26, amezaliwa mkoa huohuo wa Arusha.

Shule ilipofungua nikawasimulia watoto wa darasa la sita. Nikauliza nani amewahi kuingia. Mikono miwili tu, na kutoka pale darasani hadi getini ni mwendo wa nusu saa kwa gari. Siku ile niliumia. Tulichangishana, wale vijana wakaandika kwao, na Septemba tukakodi Coaster tukawapeleka Ziwa Manyara. Mtoto mmoja hakutaka kuondoka kwenye bwawa la viboko. Sasa hivi anasomea wanyamapori chuoni.

Leteni na ya kwenu.

Nesi wa Moro

Mwalimu, hapo kwenye mikono miwili umenigusa.

Mimi nilijitolea kituo cha afya mkoani Morogoro, mapumziko yangu ni Jumapili moja moja. Mikumi nilikuwa naipita kwenye basi tu, maana barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza hifadhini kama kilomita 50. Tembo na twiga unawaona dirishani. Nikajiaminisha kwamba nimeshaijua Mikumi. Siku tulipoingia ndani kabisa, uwanda wa Mkata asubuhi na mapema, injini imezimwa, nikasikia tembo waking'oa majani. Kwenye basi sauti ile huipati. Tulilala mji wa Mikumi, gari tukakodi palepale manesi wanne, tukagawana. Ukifanya hivyo, ingia geti likifunguliwa tu. Saa tano jua likiwa kali wanyama wengi wako vivulini.

Mdau wa Lang'ata

Niko upande wa Kenya. Nimejitolea Kibera na vijana, na kila mgeni akija anauliza Maasai Mara. Ni haki yake, Mara ni Mara. Lakini mwenye siku moja tu ya mapumziko nampeleka Nairobi National Park. Iko jirani kabisa, geti liko Lang'ata, ipo tangu 1946, na ndani ya kilomita za mraba 117 kuna faru na simba huku maghorofa ya jiji yako nyuma yao. Tembo hayuko, mwambie mapema asije akasononeka.

Msafiri wa Moshi

Nina angalizo kwa wenye siku mbili. Sisi tulilazimisha Serengeti kutoka Moshi. Gari tulilokodi, kampuni siitaji, likaharibika Makuyuni, tumekaa kando ya barabara kwa muda wa saa nne. Tulifika Naabi, geti la Serengeti, jioni, na kibali chetu kilihesabiwa saa 24 tangu tulipoingia, kwa hiyo usiku umekula sehemu kubwa. Gari likague mwenyewe jana yake: matairi, spea, redio ya mawasiliano.

Kwa siku mbili nenda Tarangire. Kuanzia Julai hadi Oktoba maji yamekauka kwingine, tembo wanateremka mtoni kwa makundi, na mibuyu ile peke yake inatosha kukusimamisha. Serengeti iwekee siku nne na ujue unafuata nini. Januari hadi Machi nyumbu wanazaa kule Ndutu kusini, na kuvuka Mto Mara ni kaskazini kabisa, kuanzia Julai. Ni kilomita za mraba zaidi ya 14,000, huwezi kuotea.

Nesi wa Moro

Mwalimu, Septemba tunarudi Mikumi, safari hii na wahudumu wa afya wawili wa kijijini ambao hawajawahi kuingia. Bado kuna siti mbili.

Mwalimu wa Karatu

Moja yangu. Ya pili namuuliza mwenzangu leo hii.